Merikani na Gunia: Kusoma Masimulizi ya Dola Kuu kutoka Lodwar na Kakuma

Masimulizi ya kupanda kwa Marekani hadi kuwa dola kuu yana muundo wa utendi: shujaa mmoja hutoka pwani ya Atlantiki, hupita vita viwili vya dunia, kisha hulitawala jukwaa. Makala haya yanadai kwamba kasoro ya masimulizi hayo imo katika usawiri wa wahusika: mhusika wa pili hugeuzwa mandhari.

Kiswahili kimehifadhi ushahidi tofauti. Marekani na Sayyid Said walitiliana mkataba mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akafika Unguja. Kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem kiliitwa merikani. Jina la taifa likawa jina la bidhaa, nayo ilipimwa, ikakubaliwa au ikakataliwa na mnunuzi. Hapo wahusika ni wawili.

Sivyo ilivyo Kakuma, kambi iliyoanzishwa mwaka 1992. Kwa miaka mingi magunia ya nafaka na makopo ya mafuta yalibeba jina la Marekani na tamko kwamba hiyo ni zawadi ya watu wake. Kifani, matini hiyo ina mtoaji lakini haina mpokeaji. Tena haitaji kwamba sheria ya mwaka 1954 iliyoweka msingi wa msaada huo ilikusudia pia kuondoa ziada ya mazao na kupanua masoko. Yupo atakayesema kwamba gunia liliokoa maisha, na kwamba njaa haihakikiwi. Ni kweli liliokoa. Lakini mwaka 2025, USAID ilipofungwa na mgao wa Kakuma ukapunguzwa, ilidhihirika kwamba kilichoitwa zawadi kilikuwa sera, na aliyekitegemea hakuwa na kauli.

Tusiwacheke wengine. Masimulizi ya utaifa wetu yana kasoro iyo hiyo. Jomo Kenyatta alizuiliwa Lodwar kuanzia mwaka 1959 hadi 1961, na aghalabu mji huo husimuliwa kuwa joto na mchanga tu. Mturkana aliyeishi humo, katika wilaya ambayo wakoloni waliifunga kwa wageni, hapewi hata sentensi moja.

Kwa hiyo mhakiki anayesoma historia ya dola yoyote hana budi kuuliza kwanza: nani amenyimwa usemi ili shujaa asikike? Swali hilo huulizwa vyema zaidi Kakuma kuliko Washington.