Hiyo Faida Umeipataje?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani kabisa na eneo la biashara la Kariakoo. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tangu hapo wachumi wanateremka na daladala kurudi walikotoka kila wanapotafuta takwimu za biashara ndogo. Katika semina za uzamivu, swali linalomtoa jasho mtahiniwa mara nyingi si la modeli. Ni hili: hiyo faida umeipataje?

Kariakoo swali hilo lina makali yake. Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakiilalamikia Mamlaka ya Mapato (TRA), hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Ukitokea na dodoso mkononi ukauliza mauzo ya siku, utaambiwa, “Biashara ngumu, ndugu yangu.” Hapo hujapata kitu.

Hata anayesema kweli huchanganya hesabu. Marobota ya vitenge yaliyonunuliwa Machi huuzwa mpaka Mei. Ukitoa manunuzi ya Machi kwenye mauzo ya Machi, unamwandikia hasara mtu anayekula faida. Tena ada ya mtoto imetoka kwenye droo ileile. Wachumi De Mel, McKenzie na Woodruff walilipima jambo hili Sri Lanka, na mwaka 2009 wakaonyesha kwamba afadhali kumuuliza mwenye biashara faida yake moja kwa moja kuliko kumdai mauzo na matumizi kisha ukatoa mwenyewe. Mauzo yalitajwa pungufu kwa takriban asilimia 30.

Kwa upande wa mpangilio wa utafiti, kazi ya kusomwa ni ya Berge, Bjorvatn na Tungodden wa chuo cha NHH, Norwei, iliyochapishwa katika jarida la Management Science mwaka 2015. Walifanya kazi Dar es Salaam na wateja wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo, wakopaji wa vikundi. Mafunzo ya biashara waliyapachika kwenye mikutano ya kila wiki ya marejesho: vipindi 21 vya dakika 45, walimu wakitoka kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuna aliyelazimika kufunga genge siku nzima kwa ajili ya mafunzo. Kisha kura ikaamua nani apate mafunzo, nani ruzuku ya shilingi 100,000, nani vyote, nani akose. Kwa hiyo upungufu wa maarifa ukatenganishwa na upungufu wa mtaji. Waliopata vyote viwili waliendelea vizuri, lakini wanaume tu. Kwa wanawake matokeo yalikuwa hafifu. Wastani wa jumla ungelifunika jambo hilo.

Kasoro ninayoiona ni sampuli: watu waliokwisha kudhaminiana na kukopeshwa. Machinga wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, huchukua bidhaa dukani asubuhi kwa mali kauli, jioni akarudisha bei waliyokubaliana, kinachozidi ni chake. Mtaji wake ni kuaminiwa na mwenye duka. Je, laki moja ingemfanyia nini? Sioni jibu katika data ya wakopaji wa vikundi.

Wewe unayeandaa andiko la utafiti, ukurasa wa kwanza uwe wa namna utakavyozipata takwimu, na uandike baada ya kukaa na machinga hao. Modeli isubiri.