60, 120, 60: Hesabu ya Vitanda vya Kilimanjaro

Nilipowaambia jamaa wa mwaloni Mwigobero, Musoma, kwamba nakwenda kupanda Kilimanjaro, hakuna aliyeniuliza habari ya baridi wala urefu wa mlima. Mzee mmoja, tuliyekuwa naye kwenye benchi tukisubiri boti ya Kinesi, aliuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, huko unalala wapi?"

Kwa mtu wa ziwani hilo ndilo swali lenyewe. Nyavu utaazima, petroli ya mashine utakopa, lakini kama hujui utafikia kambi ya kisiwa gani, safari huna. Nikamjibu kwamba kule juu kuna nyumba, zina vitanda na magodoro. Akacheka. "Nyumba juu ya mlima? Nani kazipandisha?" Boti ikafika kabla sijamaliza kumjibu. Nimalizie hapa.

Kilimanjaro ina njia kadhaa za kupanda, na katika zote isipokuwa moja watu hulala kwenye mahema. Hiyo moja ni Marangu. Ina vituo vitatu vya kulala: Mandara, mita 2,720, Horombo, mita 3,720, na Kibo, mita 4,700 hivi. Kutoka Kibo unakwenda kileleni Uhuru, mita 5,895, na kurudi bila kulala. Vitabu vya wapandaji vimerudia kwa miaka mingi idadi ileile ya vitanda: Mandara 60, Horombo 120, Kibo 60. Hata pale ukarabati ulipoongeza vichache, uwiano huo ndio uliouunda mlima tunaoujua.

Kwa nini Horombo ina mara mbili? Nilidhani ni kwa sababu pale pana uwanda. Mwongozaji wetu alinisahihisha tukiwa bado getini, tena kwa kuhesabu vidole. Marangu ndiyo njia pekee ambayo unashuka palepale ulipopandia. Chukua safari ya siku tano. Usiku wa kwanza unalala Mandara, wa pili Horombo, wa tatu unajinyoosha Kibo mpaka karibu saa sita usiku, kisha unakwenda kileleni, unashuka, na usiku wa nne umerudi Horombo. Siku ya tano unapita Mandara bila kulala, mpaka getini. Kwa hiyo kila mpandaji anakula kitanda kimoja Mandara, viwili Horombo, kimoja Kibo. Ukiruhusu watu 60 getini kila asubuhi, unahitaji 60, 120, 60. Hakuna kitanda kinachobaki wazi wala mtu anayekosa.

Hesabu hiyo ni safi kiasi cha kukufanya usahau kuuliza kama mapafu ya binadamu yameshirikishwa. Hayakushirikishwa, na ndipo uchambuzi wangu unapoanzia.

Nyumba za kwanza katika njia hii zilijengwa na Wajerumani mwaka 1912. Ya chini waliiita Bismarck, ya juu yake wakaiita Peters. Huyo ni Carl Peters, yule aliyemnyonga mtumishi wake na msichana mmoja kwenye kituo chake cha Kilimanjaro, mpaka serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi mwaka 1897. Miaka 15 baadaye wakampa nyumba mlimani. Kibo ilifuata zama za Waingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa juhudi za chama cha wapanda milima. Baada ya Uhuru majina yakabadilishwa: Mandara ni jina lingine la Mangi Rindi wa Moshi, na Horombo ni yule mangi wa Keni, kule Rombo, aliyejaribu kuwaunganisha Wachaga wa upande wa mashariki mwanzoni mwa karne ya 19. Hifadhi ya Taifa ikatangazwa 1973, ikafunguliwa kwa wageni 1977, na katika miaka hiyo vibanda vya sasa vya mbao vikajengwa Mandara na Horombo kwa msaada wa Norwei.

Majina yalibadilika na mbao zikabadilika, lakini nafasi kati ya kituo na kituo ikabaki karibu ileile. Nafasi hiyo ilipimwa kwa mguu. Kutoka getini mpaka Mandara ni kilometa 8 hivi, Mandara mpaka Horombo 11, Horombo mpaka Kibo 9 au 10. Ni mwendo wa siku wa mpagazi mwenye mzigo kichwani, aondoke asubuhi na afike kabla ya giza. Mpaka hapo ni hesabu ya mtu mwenye akili. Tatizo ni kwamba ukihesabu kwenda juu badala ya kwenda mbele, kutoka Mandara mpaka Horombo umepanda mita 1,000 kamili, na kesho yake karibu mita 1,000 nyingine. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa leo duniani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kitanda cha kesho kisizidi cha leo kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike usiku mmoja bila kupanda. Marangu inapanda kwa kasi maradufu.

Kinachopimwa ni kitanda kwa sababu mchana mwili unajitetea. Ukiwa macho na unatembea, unahema kwa nguvu bila kuambiwa. Ukilala, pumzi hupungua kasi, na hewa ya Kibo ina oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya Dar es Salaam. Ndipo jirani yako wa dabodeka anapohema mara tatu nne kwa kasi, anakata, unasubiri, unahesabu sekunde, unakaribia kumtikisa, halafu anavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka chini ya maji. Mara ya kwanza inatisha. Mwongozaji anakwambia ni kawaida ya huko, na kweli ni kawaida. Kisicho cha kawaida ni kikohozi cha povu, au mtu anayeanza kupepesuka kama mlevi. Huyo hasubiri kupambazuke, anateremshwa usiku uleule kwa machela yenye gurudumu moja.

(Sisi wa Musoma tunapenda kusema tunatoka bondeni. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Moshi mjini. Haikunisaidia chochote.)

Linganisha na wanaolala kwenye mahema. Wa njia ya Machame wanapandishwa mchana mpaka Lava Tower, karibu mita 4,600, wakala chakula cha mchana na maumivu ya kichwa, kisha wakateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonjeshwa urefu, usiku ukapewa nafuu. Hema linafuata mapafu, linahamishika. Nyumba ikishajengwa, mapafu ndiyo yanaifuata nyumba. Na hili la Marangu si lake peke yake: mlima Meru nako, kituo cha Miriakamba kiko mita 2,514 na cha Saddle mita 3,570, pengo lilelile la mita 1,000 na ushei. Ila kilele cha Meru kiko chini ya mita 4,600, kwa hiyo kosa halina muda wa kukomaa.

Dawa ya Marangu inajulikana: usiku wa ziada Horombo. Siku ya tatu huendi Kibo. Unapanda asubuhi mpaka Zebra Rocks, miamba yenye michirizi myeusi na myeupe, zaidi kidogo ya mita 4,000, unakaa, unarudi Horombo kula na kulala kitanda chako cha jana. Hiyo ndiyo safari ya siku sita. Nani asiyeitaka? Rudi kwenye vidole vya mwongozaji. Mpandaji wa siku sita anakula vitanda vitatu Horombo badala ya viwili. Vitanda 120 ukigawa kwa tatu ni watu 40 kwa siku. Kila mtu akifuata ushauri wa daktari, Mandara itabaki na vitanda 20 vitupu kila usiku, Kibo vingine 20, na geti litapungukiwa theluthi ya wateja wake. Njia nzima ilijengwa kwa kipimo cha siku tano, na kila anayekaa siku ya sita anakaa kwenye kitanda ambacho kipimo hicho hakikumhesabia.

Bei nayo inasukuma upande uleule. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni kutoka nje hulipa dola 70 za kiingilio cha hifadhi kwa siku na dola 60 za kitanda kwa usiku, na kodi ya asilimia 18 juu yake. Siku moja ya kuzoea hewa inamgharimu zaidi ya dola 150 kabla hajalipa mpishi wala wapagazi. Sisi raia tunalipa shilingi, nafuu kwa mbali, lakini likizo yetu ndiyo fupi. Basi mtu anaiona Marangu ina nyumba, godoro na bwalo la kulia, anaiita rahisi, ananunua siku tano. Waongozaji wanalijua hili kuliko wote: kitanda kizuri ndicho kinachomdanganya mtu aende haraka.

Na kitanda ni kizuri kweli, nisiwaonee Wanorwei. Kibanda cha Horombo ni paa tupu: pande mbili zinaegemeana kileleni na kushuka mpaka sakafuni, hivi kwamba hakuna ukuta wa kupigwa na mvua ya upepo. Sakafu imeinuliwa juu ya unyevu wa ardhi. Ndani ni padogo, watu wanne wanajaza, na udogo huo ndio jiko lenu, maana hakuna moto. Pumzi za watu wanne ndani ya sanduku la mbao zinaleta tofauti unayoisikia ukifungua mlango kwenda chooni. Utaufungua mara nyingi, kwani urefu unaufanya mwili utoe maji, na vyoo viko nje. Kuni ni marufuku. Aliyeona jinsi moto wa Oktoba 2020, ulioanzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, ulivyokula vichaka kwa siku kadhaa hahitaji kuelezwa sababu.

Kibo ni kitu kingine kabisa. Hakuna mti, hakuna nyasi, na hakuna maji. Nyumba ni ya mawe, vyumba ni vikubwa, watu wanalala kwa safu. Kila kikombe cha chai unachokunywa pale kimepandishwa na mpagazi kutoka chini, mlimani wanawaita wagumu, na jina limewafaa. Nilipiga hesabu ya baridi nikiwa ndani ya begi la kulalia: joto hupungua nyuzi sita na nusu hivi kwa kila mita 1,000. Kutoka ziwani mpaka Kibo ni mita 3,500 na zaidi, kwa hiyo usiku wa Mwigobero wenye nyuzi 18 unakuwa, huko, nyuzi tano chini ya sifuri. Chupa yangu ya maji ilithibitisha kabla ya asubuhi.

Pale nilimkumbuka tena yule mzee, kwa sababu ratiba ya Kibo ni ya wavuvi wa dagaa. Unafika saa tisa alasiri, unakula saa kumi na moja, unaambiwa ulale jua likiwa bado dirishani, unaamshwa saa tano usiku kwa chai na biskuti. Sababu zake ni za kiufundi: changarawe ya mteremko wa juu usiku inashikana kwa barafu na mguu haurudi nyuma, na ukifika Gilman's alfajiri, mita 5,681, una asubuhi nzima ya kwenda Uhuru na kushuka kabla mawingu hayajafunga. Tofauti ni moja. Mbalamwezi ikiwaka, mvuvi wa dagaa anabaki nyumbani, taa yake haina kazi. Mpandaji ndiye anayeitafuta. Usiku wa mwezi mpevu Kibo hujaa mpaka mlangoni, wakati mwalo wa Mwigobero umelala.

Nililala Kibo? Nilijinyoosha. Sidhani kama kuna anayelala, na kwa maoni yangu kile kituo kingeitwa chumba cha kusubiria, watu wakaacha kujilaumu.

Nilichukua siku sita. Usiku wa tano nilirudi Horombo, miguu ikitetemeka, nikapewa kibanda kilekile cha usiku wa pili, kitanda cha juu. Usiku wa pili sikupata usingizi wa saa mbili mfululizo, kichwa kilikuwa kinagonga kama mashine ya boti. Safari hii niliamshwa na mgumu akigonga mlango, jua limepanda, chai imepoa kizingitini. Mita ni zilezile 3,720, na godoro lilelile. Kwenye kitanda cha chini yangu alikuwa kijana aliyefika kutoka Mandara jana yake, macho mekundu. Aliniuliza nilifanyaje mpaka nikalala vile. Nikamuuliza amelipia siku ngapi. Akasema tano.