Tumaini Lisiloamrishwa: Uhakiki wa Lugha ya Faraja katika Mahubiri ya Mazishi Usambara

Katika ibada za mazishi huko Zirai, kwenye milima ya Usambara, kauli mbili hazikosi kusikika: wafiwa huambiwa wasikate tamaa, kisha huambiwa watumaini. Nimezisikia kauli hizo nikiwa mfiwa kabla sijazisikia nikiwa mwanaisimu, na nakiri kwamba mara ya kwanza zilinifunga mdomo badala ya kunifariji. Makala hii inahoji kwamba udhaifu wake hautokani na imani inayozibeba. Unatokana na hali ya kuamuru, ambayo inakinzana na msamiati wa Kiswahili na pia na matini ya Biblia ambayo mahubiri hayo huyategemea.

Tuanze na msamiati. Neno dhiki, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya msingi ya wembamba au ubanaji. Msongo, linalotokana na kitenzi cha Kibantu songa, lina taswira hiyohiyo ya kubanwa. Faraja nayo inatokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kufunguka na kupata nafasi. Tumaini linatokana na mzizi unaohusu utulivu wa moyo, tofauti na taraja, ambalo linahusu kungojea jambo lijalo. Kwa hiyo lugha yenyewe inapendekeza mfuatano: aliyebanwa hufunguliwa nafasi, na aliyepata nafasi ndiye hutulia. Mhubiri anayedai utulivu kabla ya kufungua nafasi anaugeuza mfuatano huo.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Tunasema “dhiki imempata”, ambapo anayeteseka ni mtendwa. Lakini tunasema “amekata tamaa”, ambapo yeye ndiye mtenda. Nahau hii inamhamishia mfiwa wajibu wa hali ambayo hakuichagua. Katazo la kukata tamaa, hata likitolewa kwa upendo, hubeba lawama ndani yake: jambo lililompata linasemwa kana kwamba ni jambo alilolitenda.

Matini ya Biblia yanaiunga mkono hoja hii. Katika Waraka kwa Warumi, sura ya 5, Tafsiri ya Muungano inapanga dhiki, saburi, uthabiti wa moyo na tumaini katika mnyororo ambao kila kiungo huzaa kinachofuata. Tumaini limewekwa mwisho. Ni tunda la safari, na hakuna hatua inayoweza kurukwa ili kulifikia. Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi: inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila kauli ya kufariji, na bado imehesabiwa kuwa sala. Kilio chake hakikuchukuliwa kuwa upungufu wa imani.

Inaweza kupingwa kwamba Zaburi ya 42 inatumia kauli ya kuamuru tumaini. Ni kweli, lakini mwimbaji anaiamuru nafsi yake mwenyewe, tena baada ya kueleza machozi yake. Nafsi ya kwanza inapojihimiza inatenda tendo-usemi tofauti na mtu aliyesimama mimbarini akimhimiza mwingine anayelia.

Historia ya Usambara inatoa mfano wa lugha nyingine ya tumaini. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Mlalo mwaka 1891 walikuta jamii ya Washambaa ambayo, kama Steven Feierman alivyoonesha mwaka 1990, ilikuwa na dhana mbili za kisiasa na kimaadili: kubana shi, yaani kuidhuru nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya. Katika dhana hizi, mvua, njaa na usalama ni mambo ya wote, na uponyaji ni kazi inayotendwa. Hakuna mtu mmoja anayetakiwa kuubeba moyoni mwake peke yake.

Kazi ya namna hiyo imeonekana pia ndani ya Kanisa. Lutindi, milimani humohumo, palianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mahali hapo, waliobanwa kuliko wengine walipewa kwanza makazi, chakula na watu wa kuishi nao. Kama kulikuwa na mahubiri ya tumaini, yalitanguliwa na nafasi.

Hoja hii haimtaki mhubiri anyamaze. Inamtaka abadilishe hali ya kitenzi: badala ya kuamuru, asimulie, badala ya “msikate”, aseme “tuko pamoja nanyi”, kisha abaki matangani kauli hiyo iwe kweli. Kwa watafiti wa fasihi ya kidini, pendekezo ni kwamba mahubiri ya mazishi yahakikiwe kama utanzu kamili, tukiuliza ni nani anayepewa nafasi ya kulia ndani yake.