Mgongo wa Bundi

Bundi wa kauri wa Chelsea, London, mwanzie chini. Wengi humwanzia machoni, nami siwalaumu, maana macho hayo yamekodolewa tangu mwaka 1750 hivi na bado hayajapepesa. Lakini kinachonivuta mimi ni kisiki alichokalia. Ni kinene kupita kiasi, kimepanda mpaka kikaukaribia mkia, na kimebandikwa majani ili usikistukie. Mgeni hukidhani ni pambo. Kumbe ndicho kinachombeba.

Waingereza wa wakati ule hawakuwa na siri ya kauri ya Wachina. Udongo mweupe unaostahimili moto mkali walikuja kuupata Cornwall, na William Cookworthy akaupatia hataza mwaka 1768. Kabla ya hapo, pale Chelsea, Nicholas Sprimont, mfua fedha aliyetoka Liège, alikuwa akiendesha kiwanda chake kwa mchanganyiko wa udongo na vitu vya kioo. Ukitoka tanurini ukiwa mzima, unapendeza mno, ni laini kama maziwa yaliyoganda. Shida ni humo tanurini: hulegea. Mchonga mti akitaka kumsimamisha ndege kwa vijiti viwili, atamsimamisha. Mfinyanzi wa Chelsea angefungua tanuri na kumkuta amelala kifudifudi. Ndiyo maana ya kisiki, na ustadi ni kukifanya kionekane kimeota hapo chenyewe.

Sisi watu wa pwani kupenda kauri hatukufundishwa na mtu. Waitalia walipoviona vyombo vya China waliviita kwa jina la simbi, na Kiswahili nacho, kwa njia yake, kikakiita chombo na simbi ya baharini kwa neno moja. Vidaka vya nyumba za Lamu vilipangwa sahani zilizovuka bahari. Ila bundi! Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu hukesha wakiulizana nani mgonjwa. Sijui ni bibi gani wa Lamu angekubali kumweka kidakani, hata angekuwa wa kauri.

Bundi huyu wa Chelsea asili yake ni Hudson Bay, kaskazini ya mbali huko Kanada. George Edwards alimchora katika kitabu chake cha ndege wasio wa kawaida, kilichotoka kwa juzuu kati ya 1743 na 1751. Michoro aliichonga kwenye shaba kwa mkono wake, kazi aliyofundishwa na Mark Catesby. Kiwanda cha Chelsea kikazichukua kurasa hizo na kuanza kufinyanga ndege ambao mafundi wake, nadhani, hawakupata kuwasikia wakilia.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi. Picha haina mgongo. Edwards alimpa upande mmoja tu. Yaliyobaki ilibidi ayafikirie mwenyewe: manyoya yashukeje begani, shingo ikutane wapi na kiwiliwili. Akishakata shauri, umbo hutolewa kalibu za plasta. Uji wa udongo humiminwa humo, plasta hunyonya maji, ganda hushika ukutani, na uji uliobaki humwagwa. Ndege ni mtupu ndani, na sharti aachiwe tundu la kupumulia, la sivyo hewa iliyonaswa itampasua motoni.

Kisha rangi. William Duesbury alikuwa bado fundi rangi wa London, akiwapaka ndege wa viwanda mbalimbali kwa ujira wa kila kipande, na daftari lake la hesabu za 1751 hadi 1753 limesalia mpaka leo. Mafundi rangi wa zama zile hawakujifunga sana na kitabu. Palipotakiwa kahawia waliweza kutia zambarau, mradi ndege achangamke mezani. Mwanazuoni wa ndege atanuna, mimi sinuni. Mwaka 1770 Duesbury huyohuyo akakinunua kiwanda cha Chelsea.

Ndege wa ukoo huu wamo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Kabati za makumbusho zina kawaida ya kuwaelekeza ndege kwa watazamaji, vifua mbele, na walinzi wameshazoea kuona watu wakiinamia vioo. Mimi husimama pembeni kabisa, shingo nimeipinda, shavu karibu ligusane na kioo, nikiutafuta ule mgongo.