'Asilia' si kinyume cha 'maendeleo'

MAJUZI nikiwa kwenye matatu kutoka Molo kwenda Elburgon, abiria jirani yangu aliniuliza kuhusu Waogiek wa Mariashoni: "Mwalimu, kwani hawa watu wanataka stima ama wanataka msitu?" Wenzake wakacheka. Nami nikasikia katika swali hilo kosa ambalo sisi waandishi wa Kiswahili ndio tumelilea.

Huwa tunaandika "jamii asilia" kana kwamba ni kinyume cha "maendeleo". Asilia hukaa msituni na mizinga ya nyuki. Maendeleo huja na lami. Anayetaka vyote viwili huonekana kigeugeu. Hebu tukitazame kitenzi "endelea". Hakimaanishi kupiga hatua tu, bali pia kutokoma: mvua inaendelea, kikao kinaendelea. Jamii inayokataa kufurushwa Mau ili iendelee kuwa jamii inadai maendeleo kwa maana kamili ya neno hilo.

Mahakama ya Afrika kule Arusha haikutenganisha mambo haya. Katika hukumu ya Mei 26, 2017, ilisema Kenya ilikiuka haki za Waogiek za ardhi, dini na utamaduni, na papo hapo haki yao ya maendeleo chini ya Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya jumla ya Sh157.85 milioni, pesa hizo ziwekwe katika hazina ya maendeleo ya jamii.

Katiba yetu ya 2010 ina nia njema ila lugha yake inabana. Kifungu cha 260, kikieleza jamii zilizotengwa, kinataja jamii asilia iliyodumisha maisha ya jadi ya kuwinda au kukusanya chakula. Iliyodumisha! Je, Mwogiek anayelima viazi kama majirani zake wa Molo amepoteza uasilia? Mbona jirani mwenye trekta haulizwi kama bado ni wa kabila lake?

Wanaharakati nao wana lawama yao. Picha za wazee wenye mavazi ya ngozi na pinde huwavutia wafadhili, lakini ndizo zinazomfanya abiria wa matatu aone stima kuwa usaliti. Hata hivyo, picha si mbaya kama lile jina "Wandorobo", lililotokana na neno la Kimaasai la kuwadharau wasio na ng'ombe. Bado nalisikia, eti ni jina tu.

Nilimjibu jirani yangu kwa swali: "Ndugu yangu, wewe ulipowekewa stima, uliambiwa uhame shamba?"

Akashangaa. "Nihame niende wapi, mwalimu? Hiyo ni shamba yangu!"