Panathinaiko: uwanja uliozidiwa na kona zake

Ukikaa kwenye ngazi za uwanja wa Panathinaiko mjini Athens, umekalia kilima. Lykourgos alipoujenga, yapata mwaka 330 kabla ya Kristo, hakuhangaika kuinua majukwaa. Alichukua korongo lililobanwa na vilima viwili, akasawazisha chini, miteremko ikawa ya watazamaji. Karne ya 2 baada ya Kristo, tajiri Herodes Atticus akaivika marumaru ya mlima Penteli. Baadaye watu waling'oa mawe hayo, mengine wakayachoma kupata chokaa, kama Waswahili wachomavyo matumbawe. Kilima hakiingii tanuruni, kwa hiyo umbo likabaki.

Umbo hilo ndilo lililomtesa Anastasios Metaxas, msanifu aliyeufufua uwanja kwa Olimpiki ya 1896 kwa fedha za Georgios Averoff. Wagiriki wa kale walikimbia moja kwa moja, wakageuka, wakarudi. Riadha ya sasa huzunguka. Metaxas alilazimika kuingiza mzunguko wa mita 333 hivi ndani ya uwanja mrefu mwembamba, na matokeo yake ni kona mbili kali mno. Dereva yeyote wa daladala anaijua kanuni yake: kwa mwendo uleule, kona yenye nusu ya nusukipenyo humsukuma mtu nje kwa nguvu maradufu. Usipopunguza mwendo, unatoka njiani. Kwenye kona hizo, katika Olimpiki hiyo ya 1896, Thomas Burke alishinda mita 400 kwa sekunde 54.2, tena siku hizo walizunguka kufuata mishale ya saa, kinyume na leo.

Wapo wanaomlaumu Metaxas. Mimi simo. Kupanua kona kungedai kuchimba miteremko, yaani kubomoa jukwaa ili kuokoa njia.

Mwaka 2004 waandaaji walifanya busara: mbio za uwanjani wakazipeleka uwanja mkuu wa Marousi, hapa wakaleta ulengaji wa mishale na mwisho wa marathoni, michezo isiyohitaji kuzunguka. Ndipo Catherine Ndereba wa Kenya alipomaliza wa pili, sekunde 12 nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani.

Leo wageni hulipa kiingilio kuutazama, mwenge wa Olimpiki hukabidhiwa hapa kwa nchi mwenyeji, na kila Novemba marathoni ya Athens humalizikia kwenye njia yake iliyonyooka.