Sifa za Anayeeleza Sababu

Pengwini mnene aliyekaa kitako, alama ya Linux inayojulikana dunia nzima, alichorwa mwaka 1996 na Larry Ewing. Alimchora kwa GIMP toleo la 0.54, programu changa ya kuchora na kuhariri picha ambayo haikuwa hata na matabaka: ukipaka rangi juu ya rangi, ile ya chini imekwenda. Ewing hakuishia kuwapa watu picha waitumie. Aliandika pia maelezo ya jinsi alivyoichora, ili mwingine naye ajaribu. Wengi wanamkumbuka kwa pengwini. Mimi namheshimu zaidi kwa yale maelezo.

Waunda vyombo wana wasifiaji wao, na wanastahili. Spencer Kimball na Peter Mattis walikuwa wanafunzi Berkeley, California, walipoanza GIMP mwaka 1995. Dave Coffin, kuanzia 1997, aliandika dcraw, programu ndogo ya kusoma faili ghafi ambazo kila kampuni ya kamera hufunga kwa mtindo wake, na programu nyingi zilizofuata zimejengwa juu ya kazi hiyo ya mtu mmoja. Johannes Hanika alianzisha darktable, programu ya kuhariri picha ghafi, mwaka 2009. Vyote hivyo unavipata bure, na ukitaka unafungua hata matumbo yake uone vinavyofanya kazi. Lakini chombo kisicho na mtu wa kukuonyesha hukaa kwenye kompyuta mpaka siku unapotafuta nafasi ya kuhifadhi muziki, ukakifuta. Anayekiokoa ni yule aliyekaa usiku na kuandika somo.

Masomo yapo ya aina mbili. Moja linakuamuru: fungua menyu ile, andika 35, bofya sawa. Ukimaliza, picha yako inafanana na ya mwalimu, wala hujui umefanya nini. La pili linakuchelewesha kidogo, kwa sababu linataka ujue kwanza kinachotokea kwenye mwanga na rangi, ndipo likupeleke kwenye kitufe. Vitufe huhama. GIMP 2.10 ya mwaka 2018 ilivihamisha, na 3.0 ya Machi 2025 ikavihamisha tena. Carey Bunks alichapisha Grokking the GIMP mwaka 2000, kitabu alichokiachia pia kisomwe bure, na menyu zilizomo ni za zama nyingine kabisa; lakini anachokieleza kuhusu matabaka na maski bado kinafundisha.

Chukua hiyo maski, jambo linalowatatiza wanaoanza kuliko lingine lolote. Somo bovu linasema: ongeza maski, paka nyeusi nyuma ya mtu. Somo zuri linaanza kwa kukuambia kwamba maski yenyewe ni picha, picha ya kijivu tu, iliyolala sambamba na tabaka lako. Palipo peupe tabaka linaonekana, palipo peusi linajificha, palipo kijivu linaonekana nusunusu. Ukishalielewa hilo, mengine yanakuja yenyewe. Kama ni picha, basi unaweza kuitia ukungu, na mpaka mkali kati ya nywele na anga ukalainika. Unaweza kubandika humo nakala ya picha unayoifanyia kazi, na marekebisho yako yakagusa zaidi sehemu zenye mwanga na kuviacha vivuli. Na kwa kuwa hujafuta kitu, ukikosea unabonyeza X, brashi inageuka kutoka nyeusi kuwa nyeupe, unarudisha ulichoficha.

Pat David, Mmarekani aliyeandika masomo mengi ya GIMP na kuanzisha PIXLS.US kwa ajili ya wapiga picha wanaotumia programu huria, ana kipaji cha namna hiyo. Somo lake la kusafisha ngozi linategemea kuigawa picha katika matabaka kadhaa, vitu vidogo huku, vikubwa kule. Hesabu yake haimtishi mtu akionyeshwa polepole. Tengeneza nakala ya picha yenye ukungu, kisha itoe kwenye picha halisi. Kinachobaki ni vile vidogo tu ambavyo ukungu ulivimeza: vinyweleo, mikunjo, mikwaruzo. Kutoa huko kunaweza kuzaa namba hasi, na pikseli haina hasi. Ndiyo maana GIMP huongeza 128, katikati ya 0 na 255, na tabaka hilo linaonekana kijivu kitupu chenye michirizi hafifu. Lirudishe juu ya nakala yenye ukungu, punguza 128 ileile, na picha ya mwanzo inarejea.

Sasa weka mbele yako picha ya studio ya zamani, nyeusi na nyeupe, iliyokunjwa na kukaa sandukuni miaka mingi hadi ufa ukapita shavuni mwa bibi harusi. Ufa ni mwembamba, kwa hiyo sehemu yake kubwa imo kwenye matabaka ya vitu vidogo. Mviringo wa shavu, mwanga unaofifia kutoka kwenye mfupa kuelekea sikioni, umo kwenye tabaka la mwisho. Unaponya ufa huko uliko, shavu haliguswi. Pale ulipopanuka huacha weupe hafifu hata kwenye matabaka ya chini, na huo unaufuata kwa brashi pana na subira. Fundi asiyejua haya hutia ukungu uso mzima, akakabidhi familia mama asiye na vinyweleo wala umri. Kumharibu mtu hivyo kwenye picha pekee waliyobaki nayo wajukuu ni jambo zito, na nadhani mwandishi wa somo anayelizuia ametenda wema mkubwa kwa watu asiowajua.

Kwetu sababu zina uzito zaidi, maana namba za masomo mengi zimepimwa kwenye nyuso nyeupe. Hili lina historia: kwa miongo mingi maabara zilirekebisha rangi kwa kutazama kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Somo linalokuambia uinue mwanga wa kati hadi namba fulani limetazama uso mmoja. Lipeleke kwenye uso wa msichana mweusi aliyepigwa picha saa sita mchana, na ngozi yake inaweza kugeuka jivu. Linaloeleza kwamba ngozi ya binadamu, nyeusi au nyeupe, hurudisha mwanga mwekundu zaidi kuliko wa bluu, linafaa popote. Tenganisha picha katika chaneli zake tatu utazame. Kwenye nyekundu uso umejaa mwanga na madoa yamefifia. Kwenye bluu uso ni mzito na kila alama imejitokeza. Ukitaka kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, ongeza nyekundu kung'arisha uso. Ikizidi, paji lenye jasho linakuwa bapa jeupe lisilo na umbo, na hapo unarudisha kijani, ambamo pua na mashavu bado yana vivuli vyake. Kiasi gani? Hilo unaamua wewe, unayemfahamu mwenye uso.

Nina upendeleo pia kwa somo la maandishi kuliko video. Bando ni ghali, lakini si hilo tu. Ukurasa wenye picha kumi unahifadhiwa kwenye flashi na kusomwa kwenye kompyuta isiyo na mtandao, tena unakusubiri: unasoma mstari, unajaribu, unarudi kwenye mstari uleule. Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa Linux, ilipoanza mwaka 2004 ilikuwa ikiwatumia watu CD kwa posta bila malipo, utaratibu uliodumu hadi 2011, kwa kutambua kwamba si kila mtu ana waya wa kasi mlangoni. Moyo huohuo unahitajika kwenye masomo. Kwenye steshenari zetu, kijana wa picha za pasipoti mara nyingi hutumia nakala ya wizi ya programu ghali, iliyoletwa na flashi pamoja na virusi vyake. Simlaumu. Ndiyo programu aliyoonyeshwa na aliyemtangulia. Angeonyeshwa GIMP, angeitumia GIMP.

Mwaka 2004 pia, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa, nami nashukuru ilifanyika. Ila menyu humwambia mtu kitu kinaitwaje. Kazi ya kumwonyesha jinsi ya kuinusuru picha ya bibi yake inamsubiri mwandishi.

Somo la kwanza ningeomba liwe la picha ya harusi iliyopigwa chini ya turubai la bluu. Kila mpiga picha wa kwetu analijua tatizo: gauni limekuwa la samawati, nyuso zimepooza, na ukiiachia programu ipime rangi yenyewe, mara nyingi huvuta picha nzima kuelekea machungwa. Mwandishi aombe ruhusa ya maharusi, aambatanishe faili ghafi yenyewe, na aanze kwa kuonyesha kwamba gauni hilo moja lina mianga miwili, upande uliogeukia turubai na upande uliogeukia jua la nje. Kwa hiyo utapima mizani ya rangi mara mbili, kwenye matabaka mawili ya picha ileile, kisha uyaunganishe kwa maski, ukipaka brashi laini kufuata pindo la kivuli.